Amani ni Mvulana au Msichana?

Hapa Malton, jirani na uwanja wa ndege wa Pearson, mjukuu wa dada yangu anaitwa Amani. Siku ya kwanza shuleni mwalimu aliliita jina hilo akikaza silabi ya kwanza, "Emani", macho yakitafuta msichana. Kijana wetu alinyamaza. Akaandikwa hayupo, naye amekaa pale pale. "Babu, nilidhani anaitwa mtu mwingine," aliniambia.

Mwalimu alikuwa na sababu ya kutafuta msichana. Kwa Waarabu, Amani ni jina la kike, maana yake matamanio, na irabu mbili za mwisho huvutwa. La kwetu limetokana na neno jingine la Kiarabu, "aman", yaani usalama, nasi tukaliongezea irabu mwishoni. Kiswahili hakigawi maneno kwa kike na kiume, hivyo jina likawa la wote. Amani Abeid Karume, aliyezaliwa 1948, alikuwa Rais wa Zanzibar kuanzia 2000 hadi 2010. Kule Kivu, iliyoingia vitani 1996, wavulana na wasichana hupewa jina hili kama dua.

Kulitamka ni rahisi: mkazo hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, a-MA-ni.

Jioni ile tulimfundisha mtoto kumsahihisha mwalimu kwa adabu. Kesho yake aliitika. Wazazi wenzangu, tuandamane nao siku ya kwanza. Tusiwaachie watoto kazi hii peke yao.