Kiangazi kinaisha, vuli inakuja: kazi za bustani na ukili za kuanza sasa

Kila mwaka ikifika Septemba, taarifa za habari kutoka Ulaya husema kwamba majira ya joto yamekwisha na vuli imeanza. Huko maana yake ni majani kupukutika, baridi kukaribia na bustani kufungwa. Kwetu neno ni lilelile, lakini mambo ni kinyume. Vuli yetu ni mvua. Ardhi iliyokauka tangu Juni au Julai inapata maji, na bustani ndiyo kwanza inafunguliwa.

Makala hii inaeleza kazi za wiki chache zilizopo katikati, kabla tone la kwanza halijaanguka. Tumeweka pamoja bustani ya mboga na ususi wa ukili kwa sababu katika nyumba nyingi za pwani na visiwani kazi hizi hufanywa na mikono ileile, siku ileile. Zote mbili zina kanuni moja: maandalizi ni ya wakati wa jua, faida ni ya wakati wa mvua. Anayengoja mvua inyeshe ndipo aanze, huwa amechelewa kote kuwili.

Vuli ni nini, na hunyesha wapi?

Mvua za Afrika Mashariki hufuata jua. Jua la utosi linapohama kutoka kaskazini mwa dunia kwenda kusini, ukanda wa mawingu ya mvua nao huhama nyuma yake. Ukipita kwetu kuelekea kusini, kati ya Oktoba na Desemba, tunapata vuli. Ukirudi kuelekea kaskazini, kati ya Machi na Mei, tunapata masika.

Nchini Tanzania, vuli hunyesha katika pwani ya kaskazini pamoja na Unguja na Pemba, mikoa ya kaskazini mashariki kama Kilimanjaro na Arusha, na ukanda wa Ziwa Victoria. Mikoa ya kati na ya kusini ina msimu mmoja mrefu, unaoanza karibu na Novemba hadi Aprili au Mei. Kama uko huko, kazi zote za makala hii zisogeze mbele kwa mwezi mmoja hivi. Kenya nayo hupata mvua fupi Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo wasikilizaji wa Kwale, Kilifi na Lamu wanaweza kufuata kalenda ileile ya Tanga na Pemba.

Vuli hubadilika sana mwaka hadi mwaka. Mwaka 1997 na mwaka 2019 ilizidi mpaka ikaleta mafuriko sehemu nyingi. Miaka mingine huja kidogo na kukatika mapema. Sababu kubwa iko baharini. Maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yakipata joto kuliko upande wa Indonesia, mvua huongezeka. El Niño, yaani ongezeko la joto la maji katika Bahari ya Pasifiki, nayo mara nyingi huongeza vuli yetu.

Ndiyo maana utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kabla ya vuli unafaa kusikilizwa mpaka mwisho. Wengi husikia neno "wastani" au "chini ya wastani" wakazima redio. Kwa mwenye bustani, habari kubwa ni lini mvua zinatarajiwa kuanza katika eneo lake. Tarehe hiyo ndiyo ya kuhesabia kurudi nyuma.

Mboji: ndiyo kazi ya kwanza

Mboji huhitaji miezi miwili hadi mitatu kuiva. Aliyeanza Agosti ataitumia mwishoni mwa Oktoba. Anayeanza sasa asikate tamaa, ataitumia katikati ya vuli kwa kuiweka kwenye mashina ya mboga.

Chagua mahali penye kivuli. Panga tabaka la mabua au majani makavu, juu yake majani mabichi na maganda ya jikoni, kisha samadi ya kuku, mbuzi au ng'ombe, halafu udongo kidogo na majivu kiasi. Nyunyiza maji, rudia tabaka hizo mpaka rundo lifike kiunoni, kisha lifunike kwa makuti au nyasi.

Choma kijiti kirefu mpaka katikati ya rundo na ukiache humo. Kila baada ya siku chache kichomoe. Kikiwa cha moto na chenye unyevu, mboji inafanya kazi. Kikiwa kikavu, ongeza maji. Kikinuka uvundo, maji yamezidi: geuza rundo na uongeze majani makavu. Kwa kawaida geuza kila baada ya wiki mbili au tatu.

Kitalu: wiki nne hadi sita kabla ya mvua

Nyanya, nyanya chungu, bilinganya na pilipili hazipandwi moja kwa moja shambani. Miche hukaa kitaluni wiki nne hadi sita. Kama mvua inatarajiwa katikati ya Oktoba, mbegu ziwe ardhini mwanzoni mwa Septemba. Ukisia siku ya mvua ya kwanza, miche yako itaingia shambani Novemba, na huenda mvua ikakatika kabla nyanya hazijajaza.

Tuta la upana wa mita 1 linatosha, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga. Liinue kama sentimita 15, changanya mboji au samadi iliyooza vizuri, kisha chora mistari iliyoachana sentimita 10 hadi 15. Sia kina cha sentimita 1 tu, fukia na utandaze nyasi kavu juu. Tuta la mita 1 kwa 2 linahitaji kama lita 10 hadi 20 za maji kwa siku, yaani ndoo moja, asubuhi na jioni. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa. Maji yenye sabuni kali usiyatumie.

Miche ikichomoza, ondoa nyasi na weka kichanja chepesi cha makuti kukinga jua. Usimwagilie kupita kiasi, kwa sababu kitalu kinacholowa muda wote huleta kinyausi, ugonjwa unaolainisha shina kwa chini mpaka mche unaanguka. Wiki moja kabla ya kuhamisha, punguza maji na ondoa kivuli kidogo kidogo ili miche izoee jua.

Na mvua ikichelewa? Hapa ndipo wengi huumia, maana miche hurefuka na kudhoofika ikingoja. Dawa yake ni kusia mara mbili: nusu ya mbegu sasa, nusu nyingine baada ya siku 10. Mvua ikiwahi, una miche ya kwanza. Ikichelewa, una ya pili.

Hamisha miche jioni. Nyanya ziachane sentimita 50 hadi 60, ziegemezwe kwenye miti, na majani ya chini yanayogusa udongo yakatwe, kwa sababu ukungu huenea haraka wakati wa mvua. Ukikuta mche umekatwa shina usiku, chimbua udongo uliouzunguka. Mara nyingi utamkuta sota amejikunja humo humo.

Wakati unangoja nyanya, usiache familia bila mboga. Mchicha huchumwa wiki tatu hadi nne baada ya kupandwa. Matembele hushika kwa vipande vya mashina. Kunde na maboga hutoa majani kabla ya kutoa matunda. Asiye na eneo ajaze gunia udongo na mboji, aweke mawe katikati ili maji yashuke, kisha apande juu na ubavuni.

Ukindu: kausha kwa jua, suka kwa mvua

Sasa tuingie upande wa pili wa ua. Mikeka na misala hufumwa kwa ukindu, yaani majani ya mkindu. Vikapu na majamvi hutumia zaidi miyaa, majani ya mkoche. Malighafi zote mbili huharibiwa na kitu kimoja: unyevu wakati wa kukausha.

Ukindu uliokatwa mwisho wa kiangazi hupata jua la kutosha, ukakauka na kuwa mweupe. Ukikatwa mvua zikishaanza, hushika ukungu na kupata madoadoa ya kijivu, na madoa hayo hayafichiki hata ukitia rangi. Kwa hiyo Septemba ni mwezi wa kukata, kuanika, kuchana na kutia rangi. Anika juani mchana, ingiza ndani kabla umande haujaanguka.

Rangi ya unga ya dukani huchemshwa kwenye maji, na ukindu hutumbukizwa mpaka ushike. Tenga sufuria moja kwa kazi hiyo na usiirudishe jikoni kamwe. Fanya kazi mahali penye hewa, watoto wakae mbali. Manjano ya jikoni nayo hutoa rangi, lakini hufifia haraka juani. Ukimaliza, anika tena kivulini mpaka ukauke kabisa, funga mafungu kwa rangi na yatundike darini.

Kisha ngoja mvua. Ukindu mkavu hukatika vidoleni, ndiyo maana wasusi huulowesha au kuufunika kwa kitambaa kibichi. Siku za vuli hewa yenyewe ina unyevu, ukindu hulainika na kidole huenda bila kukwama. Mvua inapokufungia ndani mchana kutwa, malighafi iko tayari, nawe unasuka ukili pima baada ya pima, redio ikiwa pembeni. Kazi ya mkono inaacha masikio huru, na wasusi wengi ni wasikilizaji wetu wazuri kwa sababu hiyo hiyo.

Bara nako kanuni haibadiliki. Vikapu vya Iringa hufumwa kwa milulu, na viondo vya Kenya hufumwa kwa nyuzi za mkonge. Kote huko malighafi hukaushwa kwanza.

Moyo wa mkindu usiguswe

Jambo hili linatishia kazi yenyewe. Msusi hutafuta jani changa ambalo bado limefungana, kwa sababu ndilo laini na jeupe. Lakini jani hilo hutokea karibu na moyo wa mti, na kila shina la mkindu lina moyo mmoja tu. Ukikata kwa kina ukaujeruhi, shina hilo limekufa. Halitoi tawi lingine.

Kata jani kwa kisu kikali juu ya mahali linapotokea, usilivute wala kulichimbua. Chukua jani moja kwa kila shina, kisha liache shina hilo mpaka litoe majani mengine na yafunguke. Mkindu huota kwa kichaka, mashina kadhaa kwa shina mama, kwa hiyo ukizunguka vichaka vingi utapata fungu lako bila kuua hata kimoja. Kumbuka pia kwamba mikindu hupenda kingo za mito na mabondeni, na mizizi yake hushika udongo. Kingo zikiachwa wazi kabla ya vuli, maji ya kwanza huondoka nazo. Mwenye nafasi apande: mbegu za tende zake huota, na machipukizi ya pembeni yanaweza kuhamishwa mvua zikishika.

Siku moja, kazi mbili

Kazi hizi hazigombani zikipangwa kwa saa. Alfajiri na jioni ni za bustani: kumwagilia, kupalilia, kugeuza mboji. Jua likiwa kali, kuanzia saa nne mpaka saa tisa, mmea hauhitaji kuguswa. Hapo ukindu unaanikwa, na wewe unakaa chini ya mwembe kuchana. Badilisha mkao kila baada ya muda, nyosha mgongo na pumzisha macho.

Watoto wafundishwe ukili mwembamba wa rangi moja kwanza. Mzee aliyechoka jembe naye hajachoka vidole. Aketi na wajukuu.

Piga hesabu kabla ya kuuza

Mchuuzi hufika na bei yake. Wewe uwe na yako. Andika kwenye daftari au kwenye simu: fedha za ukindu na rangi, siku ulizosuka, siku ulizoshona, na nauli. Siku zako zihesabu kwa kiwango unachoweza kulipwa kwa kibarua kijijini kwako. Jumla hiyo ndiyo sakafu, chini yake unatoa zawadi. Mikeka inayokamilika Novemba na Desemba inakuta watu wanajiandaa na sikukuu na harusi, na fedha zake zinakuta mahitaji ya shule ya Januari.

Kalenda fupi

Mwishoni mwa Agosti: mboji, kukata na kuanika ukindu.

Mwanzoni mwa Septemba: kusia kitalu mara ya kwanza, kuchana na kutia rangi. Siku 10 baadaye, sia mara ya pili.

Mwishoni mwa Septemba: kuinua matuta shambani na kukusanya nyasi za matandazo.

Oktoba: mvua zikishika, hamisha miche, panda mchicha na kunde. Anza kusuka.

Novemba na Desemba: chuma mboga, shona mikeka, uza.

Kama umeisoma makala hii na mvua iko karibu kuliko ulivyodhani, anza na mawili: sia tuta moja la miche leo jioni, na kesho asubuhi toa ukindu wako juani.