Kabla ya Urafiki, kanga ilipigwa chapa kwa kibao

Wadau, kwenye shughuli ya kumtoa mwali huku Kisarawe na Kibaha, kila mtu anasoma mgongo wa mwenzake. Ila hivi mnajua ua la kanga lilianzia kwenye mbao?

Mwishoni mwa karne ya 19 pale Zanzibar, mafundi walichonga maua na nukta kwenye kibao, wakakipaka rangi, wakakigandamiza juu ya kitambaa. Pigo moja, ua moja. Mkono ukiteleza umeharibu nguo ya watu! Na sisi tunaovaa hatuwajui hata kwa majina.

Maneno yalikuja baadaye, kwanza kwa herufi za Kiarabu, halafu hizi za leo. Hapo ndo kanga ikaanza kusema. Mke aliyechoka mafumbo ya wifi hagombani, anajifunga jina lake, anapita uani. Akiulizwa? "Mie nimependa ua."

Mashine za Ulaya, India na Japani zikachukua kazi. Mwaka 1968 kikaja kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kwa msaada wa Wachina, barabara hiyo hiyo ya Morogoro inayokuja Kibaha. Mpangilio ukabaki pindo, mji na jina.

Kwangu mimi jina ndo kanga yenyewe. Mama anabisha, anasema ua kwanza. Nyie dukani mnaangalia nini?