Hundi ya uongo iliyonilipia ada

Nimekuwa kimya siku kadhaa, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo nimerudi na kisa, na nyuma ya kisa kuna historia ndefu kidogo. Vuta kiti.

Juzi mpiga picha mmoja ninayefanya naye kazi alinijia huku anachekelea. Kaitangaza kamera yake mtandaoni na mnunuzi kapatikana. Yuko Uingereza, habishani bei, na ameshatuma nakala ya hati ya benki inayoonyesha kwamba fedha ziko njiani. Kilichobaki ni kuifikisha kamera kwa wasafirishaji kabla ya saa kumi jioni. Nikamuuliza, "Fedha umeziona?" Akanijibu, "Si hii hapa hati?" Nikamwambia, ndugu yangu, kaa kwanza nikusimulie.

Mwaka 2012 nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni. Aliyenilipia ada ni kaka yangu mkubwa, aliyekuwa Marekani akisoma mchana na kufanya kazi ghalani usiku. Muhula mmoja mambo yakamwendea kombo, akaamua kuuza kompyuta yake ya mapajani, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho. Mnunuzi akajitokeza kutoka nchi nyingine. Akatuma hundi, tena siyo hundi ya mtu binafsi, bali ile ambayo benki yenyewe ndiyo huiandika na kuidhamini. Kaka akaipeleka benki. Kesho yake akakuta fedha zimo kwenye akaunti na anaruhusiwa kuzitoa. Akaifunga kompyuta vizuri, akaituma, kisha akanitumia ada.

Baada ya wiki mbili hivi benki ikampigia simu. Hundi ilikuwa ya kughushi. Wakazitoa fedha zote kwenye akaunti yake, na kwa kuwa alishazitumia, akabaki anadaiwa. Kompyuta imekwenda, deni limebaki! Mama hakuambiwa. Mimi niliambiwa miaka saba baadaye, nikiwa nimeshaanza kazi. "Mdogo wangu, ile ada yako ililipwa na fedha ambazo hazikuwepo," aliniambia kwa simu, anacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Tangu siku ile swali moja limekuwa likinisumbua. Inawezekanaje benki ikuonyeshe fedha ambazo haijazipata? Nikaanza kuchimba, na haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na neno lenyewe, hundi. Limevuka Bahari ya Hindi na wafanyabiashara wa Kihindi waliofika pwani yetu na Zanzibar. Badala ya kusafiri na sarafu baharini, mtu alimkabidhi mfanyabiashara fedha zake huku, akapewa karatasi ambayo wakala au ndugu wa mfanyabiashara huyo angeilipa huko Bombay. Nguvu ya karatasi ile ilitoka kwa mwandishi wake. Anayelipa alimjua anayeandika, familia yake na jina lake sokoni. Ulighushi hundi leo, kesho hakuna wa kukuuzia hata kilo ya karafuu.

Biashara ilipokua, watu wasiojuana wakaanza kuuziana. Muuzaji anaogopa kutuma mzigo asilipwe, mnunuzi anaogopa kulipa asitumiwe mzigo. Dawa iliyopatikana ni kuiweka benki katikati. Benki ya mnunuzi inaahidi kwa maandishi kwamba muuzaji akileta hati zinazoonyesha mzigo umepakiwa melini, atalipwa. Mwaka 1933 Chama cha Kimataifa cha Wafanyabiashara, chenye makao yake Paris, kilitoa kanuni za pamoja za barua hizo za dhamana. Kanuni zake kubwa zinazotumika sasa zilianza Julai 2007.

Lakini benki inakagua hati, haifungui masanduku. Mwaka 1941 mahakama ya New York ilisikiliza kesi ya mnunuzi aliyeitwa Sztejn. Alikuwa ameagiza kutoka India manyoya magumu ya kutengenezea brashi, akadai kwamba masanduku yalijazwa manyoya ya ng'ombe na takataka huku hati zote zikiwa safi. Mahakama ilikubali kwamba kama ulaghai ni wa namna hiyo, benki inaweza kuzuiwa isilipe. Safari hii tapeli alikuwa muuzaji. Ukweli ni kwamba aliye mbali akiwa mwongo, karatasi inaweza kusema chochote.

Sasa turudi kwa kaka yangu. Miaka ya 1980 Wamarekani walilalamika kwamba benki zao zinashikilia hundi za wateja siku nyingi mno. Bunge lao likatunga sheria mwaka 1987 ya kuzilazimisha benki kuwaruhusu wateja kutumia fedha mapema. Kwa hundi zinazoandikwa na benki, kwa kawaida ni siku ya kazi inayofuata. Nia ilikuwa nzuri kabisa. Ila kumruhusu mteja atoe fedha ni jambo moja, na benki iliyoandika hundi kuilipa ni jambo jingine. Kati ya mambo hayo mawili kuna siku kadhaa, na humo ndimo matapeli walimojenga nyumba yao. Kaka aliona namba kwenye akaunti akadhani ni fedha. Kumbe alikuwa amekopeshwa bila kujua.

Kadi za benki nazo zina nyumba ya namna hiyo. Mwaka 1974 Marekani ilitunga sheria ya kumpa mwenye kadi haki ya kupinga malipo, na mwaka huohuo Uingereza ikatunga yake ya kumlinda anayenunua kwa mkopo wa kadi. Ni sheria za kumtetea mnunuzi, na zimewasaidia wengi. Lakini tapeli akinunua simu yako kwa kadi ya wizi, mwenye kadi akilalamika hata wiki kadhaa baadaye, malipo yanarudishwa kwake na wewe unabaki bila simu na bila fedha.

Halafu ikaja intaneti. Septemba 1995 huko California, Pierre Omidyar alifungua mnada wa mtandaoni ambao baadaye uliitwa eBay. Inasimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa kilikuwa kalamu mbovu ya mwanga wa leza, dola 14.83! Ghafla mtu wa kawaida, asiye na wakala wala mwanasheria, akawa mfanyabiashara wa kimataifa. Kompyuta na simu ndizo zilizopendwa na wajanja, maana ni ndogo, ni za bei, na huuzika upesi popote duniani.

Watu wakairudia dawa ya zamani, mtu wa kati wa kushikilia fedha mpaka mzigo ufike. Matapeli wakamghushi na huyo pia. Wakafungua tovuti zilizofanana kabisa na za kampuni halali, mnunuzi anasema "nimeshalipa kwao", tovuti inathibitisha, unatuma. Mwaka 2004 kijana mmoja Mmarekani aliyekuwa akiuza PowerBook kupitia eBay alishtukia kwamba tovuti aliyoelekezwa na mnunuzi ni bandia. Akachukua jalada la kuhifadhia karatasi, akalibandika vitufe vya kompyuta, akalichorachora, akalituma London likiwa na thamani ya kompyuta halisi kwenye fomu ya forodha, ili mpokeaji alipie ushuru. Watu walicheka dunia nzima. Mimi pia nilicheka, ila usimuige, maana kuandika uongo kwenye fomu ya forodha ni kosa.

Njia nyingine ni ya hundi yenye kiasi kikubwa kuliko bei. Mnunuzi anakuomba ile ziada umtumie "wakala wa usafirishaji" kwa kampuni ya kutuma fedha. Hapo unapoteza mara mbili, mali na ziada, na fedha taslimu zikishachukuliwa huko hazirudi. Januari 2017 Western Union ilikiri mbele ya serikali ya Marekani kwamba ilishindwa kuzuia mawakala walioshirikiana na matapeli, ikakubali kutoa dola milioni 586.

Je, tunajifunza nini? Mimi naona swali la "umeshatuma fedha?" halitoshi. Swali ni: fedha hizi zinaweza kurudi kwa mwenyewe? Kama zinaweza, mzigo usitoke. Hundi ikiingia, iulize benki yako kama benki iliyoiandika imeshailipa, usiulize tu kama unaruhusiwa kutoa. Ukiletewa barua pepe kwamba umelipwa, usibofye kitu ndani yake, fungua akaunti yako kwa anwani unayoijua mwenyewe. Mtu wa kati mchague wewe au mkubaliane, usiletewe. Ziada usirudishe, kataa biashara nzima. Anwani ya kutuma iwe ileile iliyo kwenye malipo. Na kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, piga picha ya kifaa, andika namba yake, tunza risiti ya msafirishaji.

Haya si mageni kwetu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, na haikuchukua muda wajanja wakajifunza kutunga ujumbe wa uongo wa malipo. Muuza simu makini pale Kariakoo ukimwonyesha ujumbe wako hakubishii, anafungua simu yake anaangalia salio. Elimu yote niliyoichimba kutoka Bombay mpaka New York, yeye anaimaliza kwa dakika moja.

Yule mpiga picha tulikwenda naye benki. Hakuna fedha zilizoingia, na hati ile waliitazama wakatikisa kichwa. Alipomwandikia mnunuzi kwamba atasubiri, akajibiwa kwa ukali kwamba anachelewesha watu. Alipoandika mara ya pili, kimya. Kamera ipo, na jana tumeifanyia kazi.

Kaka yangu alilipa deni lile kwa zaidi ya mwaka mmoja, zamu za usiku. Hakuacha kunilipia ada hata muhula mmoja. Nikimuuliza kwa nini hakusema, ananijibu kwamba aliona aibu, mtu msomi kuingizwa mjini. Nadhani aibu hiyo ndiyo inayowalinda matapeli kuliko kitu kingine chochote, kwa sababu aliyeibiwa akinyamaza, wa pili anaibiwa kwa njia ileile. Nimemwomba ruhusa ya kuandika haya, akasema andika.

Shikamoo kaka. Na wewe msomaji, kama yamekukuta, sema. Kwa leo naishia hapa.