Pembe Nane: Historia Fupi ya Kusimama Njiani, kutoka Mkwaju wa Katabi hadi Lami ya Mpanda

Ukitoka mitaa ya Misunkumilo kwa bodaboda kwenda katikati ya mji wa Mpanda, utafika mahali njia ya vumbi inapopanda kwenye lami. Mtazame dereva wako hapo. Anatupa jicho kulia, anatupa kushoto, pikipiki inajikokota hatua mbili tatu, halafu huyo, tayari yumo barabarani. Tairi halikusimama hata kidogo. Ukimsema atakujibu, “Si nimeangalia, mzee?” Na kweli ameangalia. Ila sheria inataka asimame kwanza ndipo aangalie, na bango zima la simama limebuniwa kwa ajili ya tofauti hiyo ndogo.

Katavi walijua kusimama njiani kabla ya gari. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, karibu na Ziwa Katavi, upo mkwaju unaosemekana kuwa ni makao ya mzimu wa Katabi, mwindaji wa zamani aliyeachia jina lake ziwa, hifadhi na, tangu 2012, mkoa mzima. Watu huacha sadaka chini ya mti huo na kuomba baraka. Hakuna bango pale wala askari. Anayesimama anasimama kwa kuwa anajua ni kwa nani amefika.

Mwalimu wa pili wa kusimama alikuja kwa chuma. Serikali ya kikoloni ya Waingereza ilitaka risasi, yale madini mazito, kutoka mgodi wa Mukwamba, na kwa ajili hiyo likajengwa tawi la Reli ya Kati kutoka Kaliua hadi Mpanda, kama kilomita 210. Lilikamilika 1950. Mgodi wenyewe haukudumu: miaka kumi baadaye ulikuwa umefungwa, reli ikabaki, na mji ukabaki na reli yake. Kwa watu wengi wa huku, makutano ya reli na barabara ndiyo mahali pa kwanza palipowadai wasimame kabisa. Na hapo hapana ubishi. Treni haina usukani wa kukukwepa, na ikishika breki itaburuzika mbali sana kabla ya kutulia. Sababu ya kusimama inaonekana kwa macho na inasikika kwa honi.

Bango la simama ni jambo la namna nyingine, kwa sababu linakuamuru usimame hata pale ambapo huoni kitu.

Asili yake ni Marekani. Bango la kwanza linalojulikana liliwekwa Detroit mwaka 1915, bamba jeupe la mraba lenye herufi nyeusi, kila upande inchi 24. Mwaka 1923 wakuu wa idara za barabara wa majimbo ya Bonde la Mississippi wakaja na wazo ambalo mimi nalihesabu kuwa la akili kuliko bango lenyewe: umbo liseme ukubwa wa hatari, na kadiri pembe zinavyoongezeka ndivyo hatari inavyokuwa kubwa. Duara, ambalo ni kama lina pembe zisizohesabika, wakalipa makutano ya reli, hatari kuu kuliko zote. Linalofuata, pembe nane, wakalipa simama. Almasi ikawa ya onyo, na mstatili ukawa wa taarifa tu. Kwa hiyo hata usiku, hata kwa asiyejua kusoma, hata bango likiwa limejaa vumbi la kiangazi, umbo lenyewe linazungumza. Rangi nyekundu ilichelewa. Kwa miaka mingi bango lilikuwa la manjano, maana rangi nyekundu ya wakati huo ilipauka kwa jua. Nyekundu na maandishi meupe vilithibitishwa 1954.

Uingereza, iliyokuwa ikiitawala Tanganyika siku hizo, ilikuwa na bango lake lenye neno HALT, na juu yake pembetatu nyekundu ndani ya duara. Waliliacha katikati ya miaka ya 1960, na pembe nane wakazikubali 1975 tu. Kabla ya hapo, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu alama za barabarani ulikuwa umekwisha kuzitambua kimataifa. Tanzania ilitunga Sheria ya Usalama Barabarani mwaka 1973, na pembe nane ndizo tunazoziona leo. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kalemie, wanaendesha kulia na sisi kushoto. Lakini dereva wa huko akivuka hadi bandari ya Karema, bango hili halimpi shida.

Kiswahili nacho kimeacha ushahidi wake. Mzunguko wa barabara tunauita kipilefti, kwa sababu watu walisoma maneno ya Kiingereza yaliyoandikwa kwenye bango wakadhani ndilo jina la mahali. Kivuko cha miguu kikaitwa zebra kwa mistari yake. Simama halikumpa mtu jina la mahali popote. Hakuna anayesema “nishushe pale stopu”. Nadhani ni kwa sababu kipilefti na zebra vinaonekana chini barabarani, na simama ni amri tupu. Ndiyo maana pia nchi hii imeweka imani yake kwenye tuta. Tuta halibembelezi: usipopunguza mwendo, shokapu zako zitakuambia.

Sheria yenyewe haina mafumbo. Kwenye pembe nane, magurudumu yanasimama kabisa nyuma ya mstari mweupe mnene uliokatiza njia. Pasipo na mstari, unasimama kabla ya kuingia makutano, mahali unapoweza kuona pande zote. Unapisha wote walio kwenye barabara kuu, kisha unakwenda. Pembetatu iliyogeuzwa kichwa chini, ile ya kupisha, ndiyo inayokuruhusu kupita polepole bila kusimama iwapo njia ni nyeupe. Dereva wetu wa bodaboda analitendea bango la pembe nane kama pembetatu. Trafiki akiwa pale anaweza kumwandikia faini, lakini jambo linalomfaa zaidi ni hili: anayesimama kabisa hupata muda wa kuona baiskeli iliyojificha nyuma ya fuso, na kusikia kile ambacho mngurumo wa injini yake ulikuwa umekifunika.

Kuna jambo moja madereva wengi hawalijui. Pembe nane zilichaguliwa pia kwa sababu zinatambulika kwa mgongo. Wewe uliye kwenye lami, unayekuja kasi kutoka upande wa Sitalike, huoni neno wala wekundu. Unaona bati la kijivu lenye pembe nane limekupa kisogo kando ya njia ya vumbi. Hilo linakwambia kwamba anayetokea kule ameamriwa asimame. Halikwambii kwamba atasimama. Kwa hiyo nawe punguza mwendo.