Kumbukumbu za kompyuta: Kutoka Hazina hadi Kipawa

Mwaka 1965, kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha, yaani Hazina, Dar es Salaam. Ilikuwa ICT 1500, mashine iliyouzwa na kampuni ya Uingereza, na ilitegemewa kubeba hesabu za serikali ambazo hadi hapo makarani walikuwa wakiziandika kwa mkono kwenye madaftari makubwa.

Enzi hizo data ilikaa kwenye kadi ngumu za karatasi na tepu za sumaku. Kadi iliyoenea duniani ilikuwa na safu 80, na kila safu ilibeba herufi au tarakimu moja kwa matundu yaliyotobolewa. Tundu moja likikosewa, kadi nzima inatupwa na kutobolewa nyingine. Diski nayo ilikuwa bado changa. Ile ya kwanza, iliyotolewa na IBM mwaka 1956, ilikuwa na sahani 50 zenye kipenyo cha sentimita 61 kila moja, mtambo wake ukakaribia uzito wa tani moja, lakini wote ulibeba herufi milioni 5 tu.

Vifaa vimebadilika, kanuni ni ile ile. Kompyuta hutunza alama mbili tu, 0 na 1. Kwenye kadi, alama hizo ni tundu na pasipo na tundu. Kwenye tepu na diski ni mwelekeo wa sumaku. Kwenye flashi ni chaji ya umeme iliyonaswa ndani ya seli ndogo mno. Kila alama ni biti, na biti 8 hufanya baiti 1, inayotosha herufi moja. Herufi K, kwa mfano, huandikwa 01001011. Basi neno Kipawa linachukua baiti 6, yaani biti 48. Baiti elfu ni kilobaiti, milioni ni megabaiti, bilioni ni gigabaiti, na trilioni ni terabaiti.

Hazina haikufaidi kompyuta kama ilivyotarajia. Wataalamu wazalendo walikuwa wachache, mradi wa hesabu ukavurugika, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Marufuku hiyo ililegezwa kidogo kidogo katika miaka ya 1980, na milango ikafunguka miaka ya 1990.

Kompyuta zilizoingia wakati huo zilikuja na diski laini ya megabaiti 1.44, ambamo wimbo mmoja wa MP3 wa dakika nne usingeenea. CD ikaleta megabaiti 700. Mwaka 2000 flashi zikaanza kuuzwa, za kwanza zikiwa na megabaiti 8, kwa teknolojia aliyoibuni Mjapani Fujio Masuoka alipokuwa Toshiba. Leo flashi ya kawaida ina gigabaiti 32. Ukitaka kuhamishia data hiyo kwenye kadi za safu 80, utahitaji kadi milioni 400. Ukizipanga moja juu ya nyingine zitafika takriban kilomita 70, karibu sawa na mwendo wa kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo.

Pale Kipawa, kata ya wilaya ya Ilala iliyo jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, flashi ni kifaa cha kila siku. Mwombaji wa ajira huingia stesheneri na vyeti vyake vyote humo, akaprinti, akatoka. Lakini ichomeke flashi ya 32 kwenye kompyuta ya Windows, utaona gigabaiti 29.8. Wengi hudhani wamepunjwa. La hasha. Kiwanda kinahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024, kwa kuwa kompyuta hupanda kwa kuzidisha 2. Mwaka 1998 shirika la kimataifa la viwango vya umeme, IEC, lilitoa majina tofauti kwa vipimo hivyo viwili, ila mazoea hayakubadilika.

Kupunjwa kwenyewe kuko kwingine. Zipo flashi bandia zilizochezewa ili zijitangaze kuwa na gigabaiti 64, kumbe ndani zina 8. Unanakili, hakuna kinacholalamika. Nafasi halisi ikijaa, faili mpya hupotea au hufuta za zamani. Dawa ni kuijaza kwanza na kufungua faili moja moja kabla ya kuiamini.

Taifa nalo linatunza kwa kiwango kikubwa. Kijitonyama, Dar es Salaam, kuna Kituo cha Taifa cha Kuhifadhi Data, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamtaka kila anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hata hivyo, sheria haitarudisha picha za harusi au kitabu cha mauzo cha mwenye duka aliyeweka kila kitu kwenye flashi moja.

Ndiyo maana nakiona kituo cha TEHAMA cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kilichopo Kipawa, kuwa na uzito zaidi kuliko diski yoyote. Mwaka 1974 hatukukwama kwa kukosa mashine; zilikuwapo. Tulipungukiwa na watu wa kuzimudu. Kijana anayejua kupima nafasi, kutambua kifaa bandia na kuweka nakala ya pili mahali pengine ndiye Hazina iliyemhitaji, na leo kila duka, zahanati na familia inamhitaji vilevile.