Ile Sifuri Kwenye Gunia la Mbolea Ina Historia

Wasee, kila gunia la mbolea lina namba tatu, na wengi wetu tuliokulia town hatujawahi kuziangalia. Kwa DAP ni 18-46-0. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Yaani gunia ambalo wakulima wengi hapa Kenya wanapandia waru halina potasiamu hata chembe. Na kiazi hufyonza potasiamu kuliko kirutubisho kingine chochote kutoka kwa udongo. Sasa tulifikaje hapa?

Twende Peru kwanza. Kiazi kilianza kulimwa kwenye milima ya Andes maelfu ya miaka iliyopita, na watu wa huko walirutubisha mashamba kwa guano, kinyesi cha ndege wa baharini kilichorundikana visiwani. Mwaka wa 1804 Alexander von Humboldt alirudi Ulaya na sampuli yake. Kufikia miaka ya 1840, meli zilikuwa zinapiga foleni Peru kubeba hicho kinyesi. Kwenye visiwa vya Chincha, wengi wa waliokichimba walikuwa vibarua kutoka China, maisha yao hayana tofauti kubwa na utumwa. Guano ilipoanza kuisha, macho yakageukia chumvi ya naitreti kwenye jangwa la Atacama. Mwaka wa 1879 Chile ikaingia vitani na Peru na Bolivia, na hiyo chumvi ilikuwa sababu mojawapo kubwa. Watu walikufa juu ya mbolea, manze.

Wakati huohuo Ujerumani, Carl Sprengel na baadaye Justus von Liebig walieleza kitu ambacho mimi naona bado hatujakishika: mmea hukua kulingana na kile kirutubisho kilichopungua zaidi. Matatu yenye tairi tatu mpya na moja imepasuka haitoki steji. Hata ukiziongeza upepo zile tatu, bado umekwama.

Halafu 1909 Fritz Haber akafaulu kutengeneza amonia kwa kutumia naitrojeni ya hewani, na 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kuitoa kwa wingi. Mwaka uliofuata vita vikaanza, na kemia hiyohiyo ikaingia kwenye mabomu. Vita vikaisha, lakini naitrojeni ikabaki kuwa mfalme.

Kwetu, kiazi kilifika mwishoni mwa karne ya 19, na leo ni zao la chakula la pili baada ya mahindi. Shida ni kwamba mazoea yetu ya mbolea tumeyatoa kwa mahindi: DAP ya kupandia, CAN ya kuongezea, basi. Tena kwa miaka mingi iliaminika kwamba udongo wa Kenya una potasiamu ya kutosha, kwa hivyo mbona ununue? Labda mwanzoni ilikuwa sawa. Lakini kila lori la waru linalotoka Nyandarua au Molo kuja Nairobi linabeba potasiamu ya shamba la mtu, na kwa hilo gunia la DAP hairudi.

Matokeo yake unayala. Potasiamu ndiyo husaidia kusafirisha sukari kutoka kwa majani hadi chini, iwe wanga. Ikikosekana, viazi vinabaki vidogo, na vikigongwa kwenye lori vinakuwa vyeusi ndani. Naitrojeni nayo ikizidi, majani yanapendeza kama ya picha, lakini kiazi kinachelewa kukomaa na kinajaa maji. Kikaange: chipo inalegea na inanyonya mafuta. Unamlaumu mwenye kibanda, kumbe mambo yaliharibika shambani.

Sisemi DAP ni sumu. Fosforasi yake inasaidia mizizi ianze vizuri. Wala sisemi tumwage potasiamu bila kupima, kwa sababu nayo ikizidi, hasa ile ya kloridi, inapunguza ukavu wa kiazi. Ninachosema ni kwamba mjadala wetu umekwama kwa bei. Mwaka wa 2022 gunia la ruzuku la kilo 50 lilishushwa hadi shilingi 3,500, na 2023 likafika 2,500. Poa, mkulima alihitaji hiyo nafuu. Lakini mbolea ya bei rahisi isiyo na kile shamba linakosa bado ni hasara, na hasara hiyo inamwangukia mtu mwenye robo ekari anayetegemea waru kulipa karo.

Kwa hivyo ukipigia wazazi simu ushago msimu huu, usiulize tu kama mvua imenyesha. Uliza udongo ulipimwa lini mara ya mwisho, na kwenye lile gunia, namba ya tatu ni ngapi.