Eti dawa za kulevya ndizo zilizowapa akili watu wakubwa?

Kuna maneno yanazunguka sana kwa vijana huku kambini, eti wasanii na wanasayansi wakubwa wa dunia walipata akili kwa kuvuta na kumeza vitu, basi na sisi suruma itatufungua. Leo tuitazame historia yenyewe, maana nusu ya maneno hayo ni kweli, na hiyo nusu ndiyo inayowapoteza watu.

Tuanze na Albert Hofmann, mkemia wa Uswisi. Mwaka 1938, kwenye kampuni ya Sandoz mjini Basel, alitengeneza LSD. Alikuwa anatafuta dawa ya kusaidia damu na pumzi, hakuwa anatafuta njozi. Tarehe 19 Aprili 1943 akameza robo ya miligramu tu, akarudi nyumbani kwa baiskeli huku dunia inampinda machoni. Jirani aliyemletea maziwa akamwona kama mchawi. Alidhani anakufa, mpaka akaitiwa daktari. Lakini angalieni: ile dawa yenyewe aliitengeneza akiwa na akili timamu, baada ya miaka mingi ya shule na maabara.

Wa pili ni Aldous Huxley, mwandishi wa Uingereza. Mei 1953, huko California, daktari Humphry Osmond alimpa meskalini, dawa inayotoka kwenye mmea wa miiba wa Mexico. Mwaka 1954 akatoa kitabu kuhusu siku ile. Sawa. Ila kitabu kilichompa jina duniani, Brave New World, kilitoka 1932. Hesabuni wenyewe, miaka 21 kabla.

Wa tatu ni Kary Mullis wa Marekani. Alipata tuzo ya Nobel mwaka 1993 kwa kubuni PCR, njia ileile iliyotumika kupima Korona. Alisema mwenyewe kwamba LSD ilimsaidia kufikiri, na hatuwezi kumkatalia. Lakini mtu huyohuyo alikataa kwamba VVU ndivyo vinavyoleta UKIMWI, na hapo alikosea vibaya. Kumbe mlango wa akili ukishaachwa wazi, hata uongo unaingia.

Sasa kuna upande ambao vijana hawasimuliwi. Miaka ya 1950, Lexington, Kentucky, wafungwa waliokuwa na uraibu, wengi wao watu weusi, walipewa LSD na watafiti, na kulikuwa na pesa za CIA ndani yake. Wafungwa saba walipewa kila siku kwa siku 77 mfululizo. Wengine malipo yao yalikuwa madawa yaleyale yaliyowafikisha gerezani. Dawa ni moja, lakini Huxley alikuwa nyumbani kwake, mke yupo, daktari yupo. Wafungwa walikuwa watu wa kujaribiwa. Sisi tuliokimbia Palma na Mocímboa, tukimeza kitu cha mtu tusiyemjua, tutakuwa kwenye hali ya nani?

Na hii pwani yetu tunaijua. Heroini inateremka kwa majahazi kutoka pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, inapita hapa kwetu kwenda mbali. Wanaoipitisha hawana habari na sanaa yetu.

Kama ni maono, mbona tunayo? Samaki Likankoa, Mmakonde wa asili ya Msumbiji, ndiye anayetajwa kuanzisha uchongaji wa shetani kule Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1950: jicho moja, viungo vimepinda, mdomo mahali pasipo mdomo. Yametoka kwenye hadithi za wazee na patasi. Reinata Sadimba, aliyezaliwa Mueda mwaka 1945, aliishi vita, akaishi Tanzania, na udongo wake leo uko kwenye makumbusho.

Kwa nyinyi wa mashirika nina neno moja. Vijana wengi ninaokaa nao wakivuta hawatafuti akili, wanatafuta usingizi, kwa sababu wakifumba macho wanaona waliyoyaona. Kuwaambia "dawa ni mbaya" peke yake hakutoshi. Tuleteeni mtu wa kuwasikiliza, na mbao, udongo, daftari. Na wewe kijana mwenzangu, kama usiku haulali, njoo tuongee kabla hujaenda kwa muuzaji.